Tazama Viatu Kwanza

Shangazi yangu ameuza viatu Kariakoo tangu sijaanza shule. Mteja akiingia dukani, kabla hajaitikiwa salamu Shangazi ameshajua anafanya kazi gani na mfukoni ana shilingi ngapi. Hatazami uso. Anatazama chini. Soli iliyoliwa upande wa nje, huyo anashinda anatembea. Vumbi jeupe kwenye kamba, huyo fundi ujenzi. Mimi nilidhani ni ujanja wa biashara tu. Mwaka 2011 alinichukua twende Guangzhou kufuata mzigo, nikiwa mpiga hesabu na mbeba mabegi wake, ndipo nikaona kwamba macho yale yale ndiyo anayotafutia chakula.

Siku ya kwanza tulikosea, na mkosaji nilikuwa mimi. Tulifikia Xiaobei, katika wilaya ya Yuexiu, ambako Waafrika wengi wanaofuata bidhaa hupanga vyumba. Tulikuwa tumetoka uwanja wa ndege, njaa inauma, na hatua chache kutoka mlango wa hoteli palikuwa na mgahawa wenye kibao cha Kiingereza, picha za chakula zinazong'aa kama kalenda, na kijana mlangoni anayemwita kila mpita njia rafiki yake. Nikasema, Shangazi, hapa pana picha, hatutahangaika. Biriani iliyoletwa ilikuwa wali mweupe uliopakwa manjano, juu yake mapande matatu ya kuku aliyechemshwa kivyake. Yuani 90. Kwa viwango vya siku zile sahani moja ilikaribia shilingi 22,000 za Kitanzania. Shangazi alikula kimya, akalipa kimya. Tulipofika nje ndipo akaniuliza kama nilitazama watu waliokuwa wanakula mle.

"Niliwaona, wageni kama sisi."

"Miguuni je?"

Miguuni sikuwa nimetazama.

"Viatu vyote vipya, baba. Vya safari. Hakuna hata mmoja mle anayekaa mtaa huu. Sasa mpishi amwogope nani?"

Sikumjibu, lakini swali lile limenilisha vizuri katika miji mingi tangu siku hiyo. Anayempikia mtu atakayepanda ndege kesho hana wa kumhukumu. Anayempikia mbeba mizigo anayerudi kila siku, tena aliyekulia chakula hicho kwa mama yake, huyo yuko mahakamani kila mchana: chumvi ikizidi ataambiwa, supu ikiwa nyepesi wateja watahamia mlango wa pili. Na bei hawezi kuipandisha, kwa sababu mbeba mizigo hana. Kwa hiyo utamu na urahisi wa bei hutoka chungu kimoja. Kwetu tunalijua hilo bila kufundishwa. Nani amewahi kwenda kwa mama ntilie kwa sababu ya kibao? Tukivuka bahari tu tunalisahau, tunaanza kutafuta picha.

Kesho yake tulikwenda barabara ya Zhanxi, karibu na stesheni ya zamani ya reli. Mtu asiyefika pale hawezi kuelewa neno "viatu". Majengo ya ghorofa, kila ghorofa vichochoro, kila kichochoro vibanda, kila kibanda viatu vya mguu mmoja mmoja vimepangwa ukutani, kwa sababu sampuli haihitaji jozi. Hadi saa saba mchana tulikuwa tumeingia vibanda zaidi ya arobaini na daftari langu limejaa bei za katoni. Shangazi akaacha barabara kubwa, akaingia uchochoroni, akapita migahawa mitatu bila kusimama. Wa nne, usiozidi upana wa kontena, akasimama kando yake akainama kidogo kama mtu aliyeangusha hereni. Alikuwa anatazama chini ya meza. Raba za turubai zilizokanyagwa visigino. Ndala. Buti moja ya mpira. Walikuwa wabeba katoni wa soko lile lile.

"Hapa," akasema.

Kibao cha kijani chenye herufi za Kiarabu nilikiona mimi baadaye, wakati tumeshakaa.

Nyuma ya meza ya unga alisimama kijana mwenye kofia nyeupe. Alichukua donge lililokandwa kwa maji na aina ya magadi, akalisokota kama anayesuka kamba, akalivuta hadi mikono ikaishia, akalikunja katikati, akalivuta tena. Nilihesabu kwa mazoea ya kazi yangu: nyuzi mbili, nne, nane, kumi na sita. Mkunjo wa nane ukampa nyuzi 256, nyembamba kama uzi wa kushonea soli, na hakuna uliokatika. Akazitupa kwenye sufuria inayotokota, na kabla sijafunga daftari zilikuwa bakulini, zimeogelea kwenye supu ya mifupa ya ng'ombe iliyo angavu hadi maua ya chini ya bakuli yanaonekana. Juu yake figili nyeupe, kotmiri, mafuta mekundu ya pilipili, na vipande vya nyama vyembamba kiasi kwamba Shangazi alikiinua kimoja akakitazama kwenye mwanga kama anayekagua noti.

Kwetu sisi watu wa Pwani tambi ni kitamu cha mwezi wa Ramadhani. Zinakaangwa, zinapikwa kwa sukari na iliki, pengine na tui la nazi. Kuziona zimetiwa pilipili na supu ilikuwa kama kumkuta ustadhi wako uwanjani anacheza mpira. Shangazi alikunywa supu vijiko vitatu kabla hajasema neno. "Hii imelala motoni," akasema. Kwake hakuna sifa inayozidi hiyo. Nimemsikia akiitoa kwa pilau za harusi mbili tu. Bakuli lilikuwa yuani saba. Kwenye meza ya mwisho mtoto wa mwenye duka alikuwa anafanya kazi zake za shule, na hesabu zake, nilizozitupia jicho, zilikuwa ngumu kuliko zangu.

Tulirudi pale siku tisa mfululizo. Siku ya tatu hatukuulizwa tena tunataka nini.

Mimi nikapata kiburi. Nilikuwa nimejifunza neno *rou*, yaani nyama, na asubuhi moja nikatoka peke yangu kwenda kwa mama anayeuza maandazi ya mvuke. Nikanyoosha kidole, nikasema *rou*, akatabasamu, akanifungia mawili. Mzee mmoja wa Guinea, mkazi wa siku nyingi wa Xiaobei, alinishika mkono kabla andazi halijafika mdomoni. Akanieleza taratibu kwamba Mchina akitaja nyama bila kumtaja mnyama, basi mnyama ni nguruwe. Ng'ombe lazima atajwe, *niurou*. Kondoo vilevile, *yangrou*. Na kama unataka kutuliza moyo kabisa, tafuta neno *qingzhen*, ambalo ndilo wanaloandika Waislamu wa huko kumaanisha halali. Nilimpa mlinzi wa hoteli maandazi yangu. Miaka yote hii nimeona wasafiri wanabeba kamusi nzima ya salamu, "asante" na "samahani", na hawajui majina ya wanyama wanne. Asante utaisema hata kwa kichwa. Ng'ombe humwigizi kwa urahisi mbele ya foleni, ingawa nimewahi kujaribu.

Dalali wetu naye alitaka kutukirimu, akatupeleka kunywa chai asubuhi kama wafanyavyo Wakantoni, na vijikapu vya mianzi vyenye vitafunio vya mvuke vikaanza kuja. Alikuwa mkweli: akatuambia hata vile vya kamba ndani hutiwa mafuta ya nguruwe. Tukabaki na chai. Lakini nilifurahi kumwona akisuuza vikombe na bakuli zetu zote kwa chai ya kwanza ya moto kabla hatujatumia, na akitumiminia tukafundishwa kugonga meza kwa vidole viwili, ndiyo shukrani. Shangazi aliuchukua mtindo huo. Dukani Kariakoo ukimletea kahawa anagonga kaunta, na wateja wanadhani anawaharakisha.

Sasa hapo kwenye duka la tambi kuna jambo lililonitoa katika tabia ya kutafuta "chakula halisi" kama anayetafuta dhahabu. Kibao chao kilisema Lanzhou, na Lanzhou ni makao makuu ya jimbo la Gansu, mbali kaskazini-magharibi. Kumbe wenye duka hawakutoka Lanzhou. Walitoka wilaya ya Hualong, jimbo la Qinghai, jirani. Baadaye nikajua kwamba sehemu kubwa ya maduka ya tambi za Lanzhou yaliyotapakaa miji ya China ni ya watu wa Hualong, Waislamu waliotoka kwenye milima yenye umaskini wakabeba jina la mji wenye sifa, kama kinyozi wa Mbagala anayeandika "Dubai" juu ya mlango. Wenyeji wa Lanzhou wenyewe huzila asubuhi, huziita tambi za ng'ombe, na wengi wao watakuapia kwamba zile za Guangzhou si zenyewe.

Je, nilidanganywa? Nikakumbuka urojo. Ukimpa Mhindi wa Gujarat bakuli la urojo wa Forodhani, atazitambua bhajia, atazitambua kachori, kisha atauliza huu uji wa manjano wenye ukwaju ni wa nani, na mishkaki inatafuta nini humu, na mbona juu kuna chipsi za muhogo. Hakuna kijiji cha India chenye bakuli hilo. Na bado Mzanzibari akiwa Toronto, analolilia ni hilo hilo. Bhajia zilivuka bahari na watu, zikakuta muhogo, zikaoana nao. Nani ana haki ya kusema ndoa hiyo ni batili? Tambi za wabeba katoni ni halisi kwa wabeba katoni, na mimi sina hukumu ya juu ya hapo.

Muscat nilikwenda mwaka 2016, kumtembelea binamu. Dereva wa teksi alikuwa Mwomani mtu mzima ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja kuliko changu. Alizaliwa Ng'ambo, akaondoka mtoto. Nikamwomba anipeleke wanakokula madereva wenzake. Akacheka, akanipeleka Ruwi, kwenye hoteli ya Wahindi wa Kerala, vijana wa ujenzi wamejaa, buti zao za chuma zimeenea saruji hadi kwenye vifundo. Sikuhitaji kuinama. Mezani wanakutandikia jani la mgomba, wanakumwagia wali mnene mwekundu, kisha wanapita vijana wenye ndoo na upawa: huyu mchuzi wa dengu, huyu mboga zilizokaangwa na nazi iliyokunwa, huyu achari. Ukimaliza wanaongeza, hadi ufunike jani kwa mkono. Mchuzi wa samaki ulikuwa na tui na uchachu, na kwa nusu dakika nilikuwa Tanga jikoni kwa bibi. Dereva aliona uso wangu. "Umefika nyumbani, eh?" Mlo haukufika riali moja na nusu, na yeye akakataa katakata nisimlipie. Mzee wa heshima hutangulia kulipa kabla ya kijana kupata chenji. Nilijaribu kwenda msalani kwa hila nikalipe, nikakuta keshalipa.

Singapore ndiyo iliyoharibu kanuni ya Shangazi. Mwaka 2019 nilikuwa na siku mbili pale, nikafikia Little India, nikaingia Tekka Centre nikiwa na macho yangu chini kama kawaida. Kandambili. Viatu vya ngozi vya karani wa benki. Raba za mtalii. Viatu vya shule. Vyote chini ya meza moja. Wachuuzi wa chakula wa kisiwa kile zamani walikuwa barabarani kama wetu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 serikali ikawaandikisha, ikawajengea masoko yenye maji, umeme na mifereji, ikawahamishia humo. Leo masoko hayo yanazidi mia moja, na tajiri na maskini wanapanga foleni moja. Mwaka 2020 UNESCO ikautia utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi. Sisi kwetu mchuuzi akihamishwa kwanza huvunjiwa, soko hufuata baadaye, kama litafuata.

Kwa hiyo viatu havikuniambia kitu. Nikabadili, nikatazama nywele. Palipo na foleni ya wazee wenye mvi, nikasimama nyuma yao. Mzee aliyestaafu hana haraka, hana hela za kuchezea, na amekula mahali hapo miaka thelathini. Nilipata murtabaki: unga uliorushwa hewani hadi ukawa mwembamba kama kanga, ukatandazwa kwenye kikaango, ukajazwa nyama ya kusaga na mayai, ukakunjwa pembe nne. Mtu wa Mombasa angeipokea kwa jina la mkate mayai bila kuuliza maswali.

Mtaa wa Chinatown nilipita pia karibu na kibanda cha Chan Hon Meng, mpishi ambaye mwaka 2016 kitabu cha Michelin kilimpa nyota moja kwa kuku wake wa mchuzi wa soya, sahani iliyokuwa ikiuzwa kama dola mbili za Singapore. Sikula, maana kibanda hakikuwa cha halali. Nilitazama foleni tu. Raba mpya kutoka mwanzo hadi mwisho, wazee wenye mvi wako vibanda vya pembeni. Mwaka 2021 nyota ile iliondolewa. Sisemi kuku aliharibika, sikumwonja.

Na ili nisionekane mjuzi kupita kiasi: kanuni hii imewahi kunilaza kitandani. Katika mji mmoja ambao sitautaja nilifuata viatu vya makuli hadi kwenye genge zuri kweli, dengu imekolea, mikate inatoka motoni mbele yangu. Nikala. Kisha nikanywa maji ya jagi. Siku mbili zilizofuata nilivijua vigae vyote vya bafu la nyumba ya wageni. Makuli wale walikuwa na matumbo ya miaka mingi ya maji yale, mimi nilikuwa na tumbo la jana. Tangu hapo nakula kinachotokota machoni pangu, na maji nanunua chupa. Shangazi nilipomsimulia hakunionea huruma. Alisema, "Viatu vinaonyesha nani anakula. Havionyeshi nani anaosha jagi."

Miguu yake mwenyewe sasa haimruhusu safari ndefu, goti limegoma. Mara ya mwisho nilikwenda Guangzhou peke yangu, na aliniagiza jambo moja: nisikose Ijumaa. Karibu na bustani ya Yuexiu uko Msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo Waislamu wa China huliheshimu kwa jina la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Wanahistoria wana ubishi wao juu ya hilo, nao wamepewa kazi ya kubisha. Siku ya Ijumaa nje ya msikiti hutandazwa gulio la chakula: mikate ya duara iliyopigwa mihuri katikati, mishkaki ya kondoo inayonyunyiziwa bizari nyembamba na pilipili juu ya makaa, zabibu kavu kwa kilo. Wauzaji ni Waislamu wa China, Wahui na Wauighuri, wanunuzi ni dunia nzima.

Nilifika mapema, nikaingia kuswali. Mlangoni nikasimama. Viatu vyote vilikuwa vimevuliwa: makubadhi ya Wasomali, raba za wanafunzi wa Kiyemeni, viatu vya kitambaa vya wazee wa Kichina, moka za wafanyabiashara wa Mali, mistari kwa mistari hadi kwenye miti. Nikavipiga picha nikamtumia Shangazi kwa WeChat, nikiwa nimeandika kwamba leo kanuni yake imepata kongamano. Nilipotoka kwenye swala nilikuta jibu lake.

"Vile vyeusi vya kitambaa, mstari wa pili, ulizia bei ya jumla."

Ukifika mji huo siku ya Ijumaa, ule mkate na mishkaki ya pale, na usichelewe kupita saa nane mchana. Beba na simu yenye kulipia, maana siku hizi hata muuza mishkaki anakuonyesha msimbo umpigie picha, na noti yako anaipokea kwa kukusitiri tu.